Mwendo wa Kuazima

Wiki ya kumi na nne tangu apasuliwe kifundo cha mguu, Tusekile Mwambene alianza kuuandikia mguu wake daftari. Hakuwa mtu wa kuandika mambo ya moyoni. Alikuwa mkaguzi wa njia ya reli, na kwa miaka kumi na sita kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma, zile mbao zinazobeba reli, kutoka Makambako kuelekea bondeni, akiandika kila boliti iliyolegea na kila mahali kokoto zilipokuwa zimesombwa na maji. Basi maumivu nayo aliyaandika vilevile: saa, mahali, ukubwa.

Saa moja na dakika kumi. Kisigino, upande wa nje. Kama msumari unaingia taratibu.

Saa mbili na nusu. Unyayo mzima. Unaungua.

Saa tano. Umetulia. Sijafanya chochote.

Mumewe, Osmundi Mgaya, alikuwa mwalimu wa uchomeleaji katika chuo cha ufundi. Siku moja wakati wa chai alilichukua daftari lile, akasoma kurasa mbili tatu, akalirudisha mezani. Hakuwa mume mbaya. Januari, mvua zilipokata tuta la reli na Tusekile akaporomoka pamoja na kokoto hadi kifundo cha mguu wa kushoto kikasagika, Osmundi alikaa siku tatu kwenye benchi la hospitali bila kubadilisha shati. Lakini sasa daktari alikuwa amemwambia kwamba mguu umepona, na yeye ni mtu wa kuamini kinachopimika. Hakujua tena ayaweke wapi malalamiko ya mkewe.

"Picha haina kosa, Tuse," alisema.

"Najua."

"Basi labda unauma kwa sababu unangoja uume."

Tusekile alijimiminia chai. Wazo hilo lilikwisha kumjia yeye mwenyewe mara nyingi, hasa asubuhi, alipokuwa ameketi jikoni mguu ukiwa juu ya kigoda, hajausogeza, na bado ule msumari unaingia.

Kifundo alichokuwa nacho sasa kiliotezwa maabara kutokana na chembe za mwili wake mwenyewe, kikapandikizwa pamoja na mishipa mipya ya fahamu. Hapo hapakuwa na ajabu. Watu wengi walikuwa na viungo vya namna hiyo. Tatizo la mshipa mpya ni kwamba haujui kitu. Haujui sakafu ni nini, wala mteremko, wala jiwe. Miaka ya mwanzo madaktari waliufundisha kwa hatua zilizorekodiwa, wakashindwa: siku ya tatu mshipa ulikuwa umeshaikariri rekodi na kuacha kuisikiliza. Ndipo wakapatikana watoa mwendo. Mtoa mwendo alikuwa mtu mwenye miguu mizima, aliyejitolea, akawekewa kifaa kidogo chini ya goti. Kila hatua aliyopiga tangu alfajiri mpaka alasiri ilitumwa papo hapo kwenye miguu ya wagonjwa waliokabidhiwa kwake. Mgonjwa alivaa kipokezi, mkanda mwembamba juu ya kifundo, na ndani ya mguu wake alimhisi mtu mwingine akikanyaga, kwa mbali, kama ameingia kwenye soksi yake. Wiki ishirini na nne za hivyo, mshipa unakuwa umeijua ardhi. Ukikatiza katikati unajifunga, na ukishajifunga haufunguki tena.

Majina ya watoa mwendo yalikuwa siri kwa mujibu wa sheria. Na kabla ya kutia sahihi, kila mgonjwa alihakikishiwa mambo mawili. La kwanza, maumivu ya mtoa mwendo huchujwa, hayafiki. La pili, njia ni ya upande mmoja: kutoka kwake kuja kwako, basi.

*

Wiki ya kumi na nane alikwenda Iringa, kwenye Kituo cha Mwendo, kwa uchunguzi. Daktari wake, Shangali, alikuwa mtu mrefu na mpole, mwenye mazoea ya kuongea na picha badala ya mgonjwa. Aliutazama mguu wa Tusekile ukutani, mshipa mpya ukionekana kama uzi mweupe, akasema hakuna kilichobanwa wala kilichovimba, na kwamba kama angetakiwa kuwaonyesha wanafunzi mguu uliopona vizuri angewaonyesha huo.

Tusekile alimuuliza kama huenda maumivu yale ni ya mtoa mwendo. Daktari akamweleza habari za kuchuja, kwa upole wa mtu aliyekwisha kueleza mara mia. Akamuuliza tena, je, kama mtoa mwendo anaumwa na ameficha? Daktari alitabasamu, akasema hajapata kuona mtu anayeficha maumivu. Wote anaowajua huyatangaza. Kisha akaacha kutabasamu. Alisema siku atakapopata ushahidi kwamba hisia yoyote imepita pasipostahili, sheria inamlazimu kuzima mstari wote wa mtoa mwendo yule dakika hiyohiyo, kwa wagonjwa wake wote, wawe wamefika wiki ya pili au ya ishirini na tatu. Kwa hiyo, alisema, si jambo la kusemwa hivihivi.

Alipotoka nje ya chumba, Tusekile aliketi kwenye korido kufunga kamba za kiatu. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu alipita mbele yake kwenda dirishani. Nyuma yake akaja mtawa, na baada ya mtawa msichana wa sekondari mwenye sare. Tusekile aliacha kufunga kamba. Wote watatu walifanya jambo moja: mguu wa kushoto ulitangulia, kidole gumba kikageukia nje, kisigino kikasita kidogo hewani kama kinachoogopa, ndipo kikashuka. Aliujua mwendo ule. Alikuwa ameuona kwenye kioo cha kabati lake.

Aliwatazama mpaka mzee akamuuliza kama wanafahamiana. Akasema hapana, samahani.

Njia nzima ya kurudi alikuwa na hasira, na hasira ilimfaa kuliko kuchanganyikiwa. Mahali fulani palikuwa na mtu anayechechemea. Mtu huyo anajua kwamba ni mgonjwa, anaficha, na anawafundisha watu ulemavu wake.

*

Kuanzia siku hiyo daftari lilibadilika. Aliacha kuandika maumivu, akaanza kuandika njia.

Mtu yule alianza kazi saa kumi na mbili na nusu. Alipanda mlima kwa dakika arobaini. Kisha akaingia mahali ambapo ardhi ilikuwa laini na yenye kunesa, isiyo na jiwe hata moja. Tusekile alidhani ni zulia, mpaka akakumbuka namna miba ya misonobari inavyojitandika chini ya miti. Baadaye palikuwa na daraja la magogo. Hilo halikumpa shida: mtu aliyekanyaga mataruma miaka kumi na sita anajua mti chini ya unyayo, na haya yalikuwa magogo ya mviringo, kumi na moja, la nane likicheza. Halafu njia iliyonyooka kabisa, hatua elfu mbili na mia tatu bila kona. Hakuna njia ya porini inayonyooka hivyo isipokuwa zile zinazofyekwa kuzuia moto kwenye misitu ya kupandwa.

Siku tatu mfululizo mguu ulilowa wakati Makambako kulikuwa na jua. Alisikiliza taarifa ya hali ya hewa. Ukungu na manyunyu vilikuwa Mufindi.

Jioni alimwambia Osmundi kwamba amempata. Osmundi alisikiliza habari yote, magogo na manyunyu, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua kama amsifu mkewe au ampeleke kwa daktari wa akili.

"Ukimkuta utamwambia nini?"

"Nitamwambia aache."

"Na wewe? Si ndiye anayekutembeza? Zimebaki wiki tano."

Hilo Tusekile alikuwa hajalifikiria, au alikuwa amelikwepa. Alisema kwamba Kituo kitampa mwingine. Hakujua kama ni kweli.

*

Alhamisi ya katikati ya Julai alipanda basi la asubuhi, na saa nne kasoro alikuwa kwenye ofisi ya msitu, baridi ikimwingia mikononi. Alimwambia karani kwamba anamtafuta mlinzi anayezungukia njia ya moto yenye daraja la magogo kumi na moja, anayechechemea mguu wa kushoto. Karani alisema huyo ni mama Kihwele, amerudi mapema leo, mguu umemshinda. Akamwelekeza nyumba ya mbao pembeni ya msitu, kisha akaongeza kwamba mama huyo hakuwa mtu wa kuchechemea. Imeanza mwaka huu tu.

Yustina Kihwele alikuwa na kama miaka hamsini, mabega mapana, koti la kijani la idara likiwa bado mwilini. Tusekile alimwamkia, naye akaitikia. Kisha Tusekile akasema, "Naitwa Tusekile. Mimi ni mmoja wa watu unaowatembeza."

Yustina alimtazama miguu kwanza, ndipo akamtazama uso. Akamfungulia mlango wote.

Njiani Tusekile alikuwa ameyapanga maneno yake, na aliyasema yote kabla chai haijamiminwa. Kwamba anaumwa miezi minne. Kwamba nyumbani kwake anaonekana mzushi. Kwamba amewaona wengine watatu koridoni wakichechemea kama wamezaliwa tumbo moja. Kwamba mtu mgonjwa hana haki ya kuwafundisha watu kutembea.

Yustina hakujitetea. Alisema ni kweli mguu unamuuma, na amekwenda hospitali mbili, na zote mbili hazikuona kitu. Hakuwaambia watu wa Kituo kwa sababu anao watu kumi na wawili kwenye mstari wake, na yuko mmoja ambaye bado ana wiki kumi na tatu. Hajui majina yao. Anazijua wiki zao tu, anatumiwa kila mwezi kwenye karatasi, naye huisoma kama watu wanavyosoma barua.

"Niliambiwa maumivu yangu hamyahisi," alisema. "Ningejua kuna mtu anaumia kwa sababu yangu ningeacha siku hiyohiyo, mdogo wangu. Naapa."

Tusekile alihisi hasira yake ikimwishia, na hakuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake. Alikuwa amekuja kukutana na mtu mbaya.

Yustina aliinuka kwenda kuchochea moto, akampa mgongo. Mguu wa Tusekile ulikuwa umechoshwa na kilima, naye akafanya jambo alilolifanya kila asubuhi bila kufikiri: aliinama, akaweka dole gumba kwenye kovu chini ya mfupa, akakandamiza kwa nguvu.

Yustina alishika rafu ya vyombo kwa mikono miwili.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, mama."

"Umefanya. Sasa hivi. Fanya tena."

Tusekile alikandamiza tena. Goti la Yustina lilikunjika, akaketi juu ya kuni.

Chungu kilichemka na kufurika, hakuna aliyekiondoa. Mwishowe Yustina aliuliza, taratibu, kipokezi kiliwashwa tarehe ngapi. Tusekile akamwambia: tarehe saba Machi. Yustina akatikisa kichwa juu na chini mara kadhaa. Tarehe saba Machi alikuwa katikati ya njia ya moto, mzima kabisa, na kitu kikamwingia kisiginoni kama msumari, akavua buti kuutafuta.

*

Walihitaji kuwa na uhakika, na njia ilikuwa moja. Kipokezi kiliruhusiwa kuzimwa kwa saa sita, kwa ajili ya kuoga na kupiga picha za hospitali. Zikipita saa sita, mshipa unaanza kujifunga. Saa tano kamili Tusekile alibonyeza swichi na kukiweka mezani kati ya vikombe.

Kwanza kilitoweka kile kivuli cha mguu mwingine kilichokuwa kimekaa ndani ya mguu wake miezi minne. Kisha maumivu yakaja. Hayakuja kutoka mahali pengine. Yalikuwa palepale, ila yalijaa, kama debe lililokuwa nusu na sasa linafika mdomoni. Alishika ukingo wa meza. Kumbe muda wote ule alikuwa akiumwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa ikipanda na kushuka milima ya Mufindi kwenye mguu wa mwanamke asiyemjua.

Yustina alitoka nje bila viatu. Kupitia dirishani Tusekile alimwona akitembea uani, akienda na kurudi, mwanzoni kwa kusitasita, kisha sawasawa. Kisigino kilishuka bila woga. Alipiga mguu chini. Akaupiga tena, kwa nguvu zaidi, akasimama akiutazama. Aliporudi ndani hakuwa na furaha aliyoitarajia Tusekile. Alikuwa kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Ule msumari haupo," alisema. "Nimeutafuta, haupo." Halafu akauona uso wa mgeni wake, akaelewa umeenda wapi. "Washa. Washa haraka."

"Bado."

"Washa, nimekwambia. Ni wiki tano tu. Mimi nimeshauzoea."

Alisema kwamba alipokuwa mtoto alimbeba mdogo wake mgongoni kwenda shule, miaka mitatu, kwa sababu miguu yake haikuwa na nguvu, na hakuna aliyemwonea huruma wala yeye hakujiona wa kuhurumiwa. Kubeba si kitu. Kinachochosha ni kubeba bila kujua unachobeba, na sasa anajua. Alilisema jambo hilo kwa uso mkavu, na Tusekile aliona kwamba anamaanisha kila neno, na kwamba yeye mwenyewe anatamani sana kukubali. Aliutazama mkanda ule mezani. Mkono wake ulikwenda hadi katikati ya meza.

Kilichouzuia ni kumbukumbu ya msichana mwenye sare. Alikuwa amepita koridoni akiongea na simu, akicheka, na mguu wake ukasita hewani kwa kuogopa maumivu ambayo hayakuwa yake wala hakuyahisi. Alikuwa amejifunza woga wenyewe tu. Angetembea nao maisha yake yote.

"Nikiwasha utachechemea," Tusekile alisema. "Ukichechemea wanajifunza. Wiki tano zangu ni wiki tano zao."

Yustina aliketi upande wa pili wa meza.

Walijadili kumpigia daktari simu. Daktari angezima mstari wote, ndivyo sheria inavyosema, na watu kumi na mmoja wangebaki na miguu nusu, yule wa wiki kumi na tatu zaidi ya wote. Walijadili Tusekile azime kipokezi chake na kusema alisahau. Hapo wale kumi na mmoja wangepona, Yustina angetembea sawa, na kosa hili lingebaki limelala ndani ya vifaa vya Kituo bila mtu kulijua. Tusekile alisema watanyamaza kwa wiki kumi na tatu, mpaka wa mwisho amalize, kisha watakwenda wote wawili wakaseme.

"Na katika wiki hizo kumi na tatu," Yustina aliuliza, "wakimfungia mtu mwingine kipokezi mahali pengine, likampata hilihili?"

Kila Tusekile alipojaribu kulifikiria swali lile, maumivu yalipita katikati ya mawazo na kuyakata. Huenda uamuzi wa haki ulikuwepo, wazi kabisa kwa mtu mwenye mguu mzima. Yeye hakuuona. Aliona upande huu watu kumi na mmoja wenye nyuso, watatu kati yao aliowatazama kwa macho yake, na upande ule watu wasio na nyuso ambao huenda wangekuwepo au wasingekuwepo, na katikati mguu wake mwenyewe, aliotaka kuutumia tena juu ya reli. Hakuweza kusema kwa hakika ni kipi kati ya hivyo kinachozungumza.

Hakuwa jasiri alasiri ile. Mara mbili alikichukua kipokezi mkononi. Mara moja aliweka kidole kwenye swichi. Saa kumi alimwomba Yustina akitoe nje akakiweke mbali, Yustina akakataa. Alisema hataki awe yeye aliyemzimia. Basi kikakaa palepale mezani, na wao wakakaa kila mmoja upande wake, Yustina akimenya viazi ambavyo hakuna aliyekuwa na hamu navyo.

Robo saa kabla ya saa kumi na moja kipokezi kilitetemeka juu ya mbao, kikionya. Yustina aliweka kisu chini.

"Tusekile."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina.

"Nimekusikia, dada."

Hakusogea. Kilitetemeka kwa dakika chache, kikanyamaza. Baadaye, sakafu ya mbao iliyokuwa chini ya unyayo wake ilianza kufifia, baridi yake kwanza, kisha mikwaruzo yake, mpaka akawa kama ameuweka mguu juu ya godoro nene. Maumivu hayakufifia.

Yustina alikuwa analia, na alikuwa na hasira pia. "Sikukuomba," alisema. "Hukuniuliza hata kidogo." Tusekile akasema ni kweli, hakumuuliza. Baada ya kitambo walikula viazi.

*

Jumatatu Osmundi alimpeleka Iringa. Tusekile alikuwa amemwambia yote, na safari hii mumewe aliamini, labda kwa sababu alimwona akishuka kwenye basi akiwa ameegemea mpini wa jembe aliopewa na mama Kihwele. Alikuwa ameuliza swali moja tu: kama mwanamke yule alishukuru. Tusekile alimwambia hapana. Osmundi alifikiri kidogo, akasema hata yeye asingejua ashukuru vipi.

Daktari Shangali alikasirika kwa namna yake ya upole. Wiki ya kumi na tisa, alisema, mtu anasahauje kuwasha? Alimpima Tusekile unyayo kwa brashi na sindano, akaandika kwamba atatembea kwa fimbo, kwamba ardhi ataihisi kwa mbali, na kazi ya reli haiwezekani tena. Tusekile alikuwa anayajua hayo, lakini kuyasikia yakisomwa kwa sauti kulimfanya ashike kiti.

Kisha daktari alipiga picha mpya na kuitundika ukutani. Akaitazama kwa muda mrefu. Akasogea karibu. Chini ya mfupa, nyuma ya kovu, uzi mweupe ulikuwa na alama nyekundu: mshipa uliobanwa na kovu, ukipiga kelele kwa nguvu zake zote. Aliiweka pembeni yake picha ya wiki ya kumi na nane, iliyopigwa wakati nusu ya kelele ile ikienda Mufindi; mahali hapohapo palikuwa peupe.

"Ubano huu unaweza kutibika," alisema. "Si wote, lakini utapungua sana." Halafu, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, aliiacha picha akamgeukia yeye. "Mama Mgaya, sielewi. Ubano wa namna hii ni wa miezi. Kwa nini haukuonekana?"

Osmundi aliangalia sakafu. Tusekile alimtazama daktari machoni, akahesabu moyoni wiki kumi na tatu, akamwona msichana mwenye simu, akamwona pia mtu fulani asiye na uso akifungiwa kipokezi chumba cha pili.

Kwa miezi minne alikuwa amemwambia mtu huyu ukweli, naye hakuamini hata siku moja.

"Sijui, daktari," alisema. "Labda mguu uliteguka juzi, nilipoanguka bafuni."

Daktari alitikisa kichwa kuafiki, akachukua kalamu, akaandika.